Tela la Kulala na Mahali pa Kulilaza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, mama yangu alitoka nje na utepe wake wa ushonaji shingoni akaenda kulipima geti la kaya yetu. Alilipima kama anavyopimwa mteja: upana kwanza, kisha kimo, kisha akarudi nyuma kulitazama. Akasema peke yake, "Wewe kiuno chako chembamba." Geti lenyewe lilikuwa pengo tu katika ua wa minyaa, na nguzo mbili za mti mgumu. Baadaye akaingia kwenye banda la kando, akakaa humo muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni, mswaki mdomoni, nikidhani anatafuta mayai. Nikaona anatuchelewesha. Siku ile tulikuwa tunakwenda kutazama tela, na geti lilikuwa letu tangu zamani.

Sipendi sana nasaha, nikuambie mapema. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nazirudisha kwa wenyewe kabla hazijanifikia. Mtu akisema haraka haraka haina baraka, namuuliza mbona mnada haungoji mtu. Akisema mtaka yote hukosa yote, namuuliza mbona wapo waliotaka yote wakapata yote, na tunawaamkia. Nimetoka chuo kikuu na tabia hiyo, na sijaiacha. Lakini nawaona nyinyi mnachagua vitu kwenye simu: mnatazama picha, mnatuma fedha, kitu kinafika, hakipiti mlangoni. Basi nimeona nikusimulie habari ya tela, uipime mwenyewe.

Mama yangu, ambaye sisi nyumbani tulimwita mayu kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao, alikuwa fundi cherehani. Tuliishi kijijini, si mbali na Bariadi mjini, wakati ule Bariadi ikiwa bado ni ya mkoa wa Shinyanga. Baba alikuwa amefariki. Mayu alishona kwa kufuata minada. Leo uko hapa, kesho kutwa uko Mwamapalala, wiki nyingine umefika hadi Kiloleli. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na mizani zao, mitumba ilikuwa imejaa kila mnada, na watu walidhani mafundi cherehani watakufa njaa. Mayu hakufa njaa. Alikaa kando ya wauza mitumba, akawa anapunguza makoti ya Wazungu wanene yawafae wachunga ng'ombe wembamba.

Tabu yake ilikuwa kifua. Mnada huanza alfajiri, kwa hiyo wafanyabiashara hufika jana yake na kulala palepale. Mayu alilala chini ya Landrova ya Salumu, mwenye duka la vitambaa mjini Bariadi, ambaye ndiye aliyembeba yeye na cherehani yake. Juu chuma, chini udongo, pembeni ng'ombe wanaotimua vumbi. Mwaka ule alikohoa hadi tukampeleka zahanati. Mganga akamwambia aachane na kulala chini, au aachane na minada.

Hapo ndipo akaingia baba yangu mdogo, Maduhu. Yeye aliishi Mwamapalala, kwenye kaya kubwa yenye ng'ombe na geti pana. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa, na alikuwa na jambo lake: alitaka mayu afunge cherehani ahamie kwake. "Shemeji, utakohoa hadi lini?" alikuwa akisema. "Njoo ukae, ule, upumzike." Ukimsikiliza haraka utaona ni huruma tupu. Huruma ilikuwamo. Lakini mayu hakutaka kula kwa mtu wakati mikono yake bado inajua kazi, na alijua kuwa akihamia pale hatatoka tena. Mambo yote ya siku ile, mwanangu, yalihusu hilo moja: ama apate pa kulala mnadani, ama ahamie Mwamapalala.

Na ni Maduhu huyohuyo aliyeleta habari ya tela. Alikuwa amepeleka mbuzi kwenye kambi moja ya wawindaji wa kitalii, huko mbele ya Kimali, kuelekea pori la akiba. Kambi ilikuwa inabadilisha mwenyewe, kama vitu vingi miaka ile, na vyombo vyao vilikuwa vinauzwa.

"Kuna tela la kambi pale, shemeji," akasema, amekaa kwenye kigoda chetu, kikombe cha chai mkononi. "Nyumba! Ina vitanda, ina kabati, ina dirisha la kioo. Linavutwa na gari. Ukifika mnadani unafungua mlango, unaingia, unalala kama waziri."

"Na likirudi nyumbani linalala wapi?" mayu akauliza.

"Kwangu. Geti lako halilipitishi, nimeshalitazama. Weka kwangu kama ng'ombe wa kuweka."

Nikufafanulie hapo, kama wewe ni mtoto wa mjini. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi au malisho machache huweka baadhi yao kwa ndugu au rafiki. Ng'ombe anabaki wako, na ndama ni wako. Lakini maziwa anakunywa anayemlaza, samadi ni ya shamba lake, na akiwa ni dume la kulima, analima kwake kwanza. Hakuna anayelalamika. Ndiyo desturi, na imewaokoa wengi.

Mayu akamtazama. "Na maziwa?"

Maduhu akacheka hadi chai ikamwagika. "Tela halikamuliwi, shemeji!"

Mimi nilicheka naye. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na shahada, serikali imepunguza ajira, sina la kufanya ila kuhoji kila kinachopita mbele yangu. Niliona tela kubwa ndilo jibu. Mgonjwa wa kifua anahitaji kuta, mlango na kitanda cha juu. Hayo yote yapo. Geti la baba mdogo ni pana. Tatizo liko wapi? Nilimweleza mayu hivyo, kwa mpangilio mzuri wa chuoni. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia nikalale, safari ni ndefu.

Basi asubuhi hiyo ya utepe, Salumu akaja na Landrova yake. Tukapita Mwamapalala kumchukua baba mdogo, aliyekuwa amevaa koti ambalo mayu mwenyewe alilipunguza. "Mwangaluka!" akatuamkia kutoka mbali, tukamjibu, akapanda. Tukaenda hadi tukaiacha Kimali nyuma. Njia nzima alisimulia vile vitanda.

Kambini tulimkuta msimamizi, kijana mpole wa kutoka upande wa Musoma, aliyeachwa alinde vilivyobaki. Akatuonyesha matela mawili. Mayu hakuwa ameambiwa kama yapo mawili.

La kwanza ndilo lile la sifa. Lilikuwa refu, jeupe, mwili wa bati gumu, mlango ubavuni, madirisha ya kioo. La pili lilikuwa kama sanduku, chini ya kifua cha mtu, limefunikwa turubai la kijani. Ukilifungua, pande zake mbili zinalala nje kama mabawa, turubai linainuka kwa vyuma, linakuwa hema lenye kitanda juu ya magurudumu. Chini ya kitanda kuna nafasi ya kuweka mizigo.

"Hilo ni la mpishi wao," baba mdogo akasema, hata hakulisogelea. "Twende kwenye nyumba."

Nilianza maswali yangu. Kuuliza si ujinga, hiyo ni methali mojawapo ambayo sikuwahi kugombana nayo. Nikaingia kwenye lile kubwa, nikajifungia mlango, nikalala kitandani. Nikajaribu kufungua dirisha. Mpira wake ulikuwa umekauka, umeshikana na kioo, halifunguki. Nikajaribu la pili, vilevile. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, lakini nilitoka pale mgongo umelowa jasho.

"Mayu, humu hakuna hewa," nikasema.

"Fundi wa Mwanza atafungua hayo," baba mdogo akajibu.

"Na kama Mwanza hawana mpira wake?"

"Kabula!" Salumu akaniita, akicheka. "Wewe ungeulizwa maswali hayo kabla ya kuja duniani, ungekuwa hujazaliwa mpaka leo."

Nikamgeukia yeye. Nikamuuliza gari lake linavuta kwa kitu gani, maana nyuma ya Landrova niliona ndoano, na matela yote mawili mbele yalikuwa na kitu kama kikombe kilichogeuzwa. Salumu akaacha kucheka. Akaenda kutazama, akarudi, akakiri kuwa hakufikiria hilo, alidhani atafunga kamba. Msimamizi akaenda stoo akarudi na kichwa cha chuma, duara, ukubwa wa ngumi. Kikombe kinakaa juu yake. Akasema anayenunua tela lolote atapewa nacho. Nakueleza hili ili ujue kuwa maswali yangu hayakuwa bure. Tungefunga kamba siku ile, kwenye mteremko wa kwanza tela lingemkimbilia Salumu mgongoni.

Mayu wakati huo alikuwa anapima. Lile kubwa alilipima kimya. Kwenye dogo alimwomba msimamizi alifunge, akapima. Akamwomba alifungue, akapima tena, mabawa yakiwa nje.

"Mbona mara mbili?" nikamuuliza.

"Mtu humpimi amesimama tu," akasema, pini mdomoni kama kawaida yake, ingawa hapakuwa na nguo. "Mkalishe. Mwinue mikono. Suruali ngapi zimechanika kwa sababu fundi alimpima mteja kasimama? Hili nyumbani litakaa limefungwa. Mnadani litainua mikono. Nijue huku na huku."

Kisha akasogea kwenye turubai, akalinusa. Lilikuwa na harufu ya kuvu, na kwenye pembe moja lilikuwa limeraruka, mkono unapita. Nikamwambia kwa kifua chake hilo ni baya kuliko joto. Akavuta ule mraruko kwa vidole viwili, akatazama nyuzi. "Kuvu linaogopa jua na sabuni. Na hii ni nguo, Kabula. Ikiraruka sitampigia mtu magoti."

"Na bati likitoboka?" nikauliza, nikijiuliza mwenyewe zaidi.

"Hilo ndilo swali."

Halafu akaniita tusukume. Tukashika lile dogo, mimi na yeye, likasogea. Halikusogea kwa furaha, lakini lilisogea. Tukaenda kwenye kubwa, Salumu akatusaidia, halikutikisika. Baba mdogo akapiga makofi ya kutusihi tuache. "Msijichoshe! Vijana wa kusukuma wapo tele Mwamapalala."

"Wapo Mwamapalala," mayu akasema, akakunja utepe.

Nilisikia alivyolisema neno lile, lakini sikulielewa bado. Nilikwenda kunywa maji kwenye pipa nyuma ya lile tela kubwa. Kutoka pale nikamsikia baba mdogo, upande wa pili, anaongea na msimamizi kwa sauti ambayo kwake ndiyo ya siri.

"Hivi vitanda vinang'oka?"

"Vinang'oka, mzee. Ni bolti chache tu."

"Ukiving'oa, na lile kabati, pamba inaingia kiasi gani humu?"

Hapo ndipo nikaelewa maziwa. Tela lingelala kwake mwaka mzima. Minada ni siku moja moja, na msimu wenyewe ni miezi michache, siku nyingine zote ni zake. Na msimu huohuo wa minada ndio wa kuuza pamba. Wale wanunuzi binafsi hawakufuata watu mlango kwa mlango, ilikuwa lazima upeleke mwenyewe kwenye mizani, mapema, kabla fedha zao hazijaisha. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na baba mdogo alikuwa ameshaiwamba. Mayu angekuwa anaomba kulala kwenye tela lake mwenyewe.

Sikumaliza maji. Nilizunguka, nikasimama mbele yake, mbele ya msimamizi, mbele ya Salumu aliyekuwa anakuja, nikasema kwa sauti: "Baba mdogo, hili tela tunamnunulia mayu alale, au tunakununulia wewe ubebee pamba?"

Msimamizi akatazama viatu vyake. Baba mdogo akasema, si kwa ile sauti yake kubwa, "Ndicho walichokufundisha Dar es Salaam? Kuvua wazee nguo mbele ya wageni?" Akaenda akasimama peke yake karibu na Landrova, ametupa mgongo, amevaa lile koti alilopunguziwa.

Nilijiona shujaa, sitakuficha. Mayu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya lile tela dogo.

"Nimesema uongo?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Si anataka kuweka pamba?"

"Anataka. Nilijua tangu alipokuwa anakunywa chai."

"Sasa mbona umenyamaza?"

Akakaa kwenye chuma cha tela, akavuta pumzi polepole, maana kupumua kwake kulikuwa kazi. "Kabula, kila kitu ninachokileta nyumbani kwangu nakipimia kwanza pa kulala. Na maneno nayo ni hivyohivyo. Hilo ulilolisema sasa hivi, leo usiku litalala wapi? Wewe utarudi Dar es Salaam, au popote watakapokupa kazi. Maduhu atarudi Mwamapalala. Neno litabaki kwangu. Nitalala nalo mimi. Nikiugua, ni yeye wa kunipeleka. Nikifa, ni yeye wa kunichimbia. Wewe umemshinda, haya. Umempimia pa kukaa baada ya kushindwa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mawili, kweli, na yote yalikuwa mazuri. Sikuyasema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na kwa kuwa nakueleza ukweli, hazikufuata nyingine nyingi.

Nikamuuliza tu, "Tufanye nini?"

"Wewe nyamaza. Mimi nitampima."

Akaenda Landrova. Nilimfuata kwa nyuma kidogo. Sikiliza jinsi alivyoanza, mwanangu, maana hakuanza na tela.

"Shemeji, ule mkokoteni wa kaka yako."

Nilikuambia kuhusu banda la kando, ambamo nilidhani anatafuta mayai. Humo ndimo ulimokaa mkokoteni wa ng'ombe wa marehemu baba. Tangu azikwe haukuguswa. Kuku mmoja mwekundu alikuwa ameufanya kiota, na mayu alikuwa akisema mkokoteni sasa una mwenyewe. Baada ya matanga baba mdogo aliuomba. Mayu hakumjibu, na kwetu mtu asipokujibu amekwisha kukujibu. Hakuuomba tena.

"Una nini mkokoteni?" akasema, bado hajageuka.

"Magurudumu yake mazima. Nimeutazama leo asubuhi. Mti wa mbele ndio umeliwa kidogo na mchwa, utabadilisha. Ng'ombe unao. Pamba yako ikipanda pale, hutamngoja mwenye gari."

Akageuka. "Ule si uliukataa?"

"Niliukataa kwa sababu nilikuwa sina cha kuweka mahali pake. Sasa ninacho. Banda langu haliwezi kulaza viwili."

Baba mdogo akalitazama lile tela jeupe, akalitazama lile la kijani. Niliona anatafuta pa kutokea, na niliona mayu amemwachia mlango wazi, mpana kama geti lake. Akavaa ile sauti yake kubwa polepole, kama mtu anayevaa koti. "Mimi nilikuwa naangalia afya yako tu, shemeji. Lakini kama unataka la mpishi..."

"Nalitaka la mpishi. Mimi na wewe hatulingani. Geti lako pana, langu dogo kama mimi."

"Na huyu msomi?" akauliza, akininyooshea kidole.

"Huyu atakusaidia kuutoa mkokoteni. Atausukuma mpaka atoke jasho la chuo kikuu."

Salumu akaangua kicheko, na msimamizi naye, na baba mdogo akawa wa mwisho lakini alicheka zaidi yao. Nikaomba radhi mbele ya walewale niliomsemea mbele yao. Akanipiga kofi dogo begani. Baadaye, njiani, tukirudi na tela letu linafuata nyuma likirukaruka, yeye ndiye aliyekuwa akimsifia Salumu jinsi lilivyo jepesi.

Siku aliyokuja kuchukua mkokoteni, mayu alimhamisha kuku na mayai yake kwenye kikapu kabla hatujagusa chochote. Tulipousukuma nje, magurudumu yalilia kwa sauti ileile niliyokuwa nikiisikia utotoni baba akirudi kutoka shambani. Mayu hakutoka nje kuutazama ukienda. Nilimkuta ndani ya banda tupu, anapitisha utepe kutoka ukuta hadi ukuta, ingawa alishapima. "Linatosha," akasema, akapangusa macho kwa ncha ya utepe.

Nisikupambie mambo. Tela lile lilikuwa na kasoro zake. Mvua ya ghafla ikikukuta unalifunga, unalikunja likiwa limelowa, na usipolianika kesho yake kuvu linarudi. Panya walilipenda, ikabidi alitundikie mfuko wa pilipili kavu. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, mvua ikinyesha, hata jepesi linazama, ila mkilisukuma linatoka, wakati malori ya watu yanabaki hapo hadi jua la siku nyingine. Turubai alilifua, akalianika siku kadhaa, akaliwekea kiraka cha kitambaa cha bluu kutoka dukani kwa Salumu. Mnada mzima ulilijua kwa kiraka hicho. Watu walisema, "Nenda kwenye bluu, mwambie akupunguzie." Alishona mchana akiwa amekaa chini ya bawa moja, usiku akalala juu. Kikohozi hakikuisha, lakini hakikumwangusha tena. Alifuata minada hadi macho yalipokataa kutunga sindano, na alipoamua kuacha, aliacha yeye. Hakuna aliyemwambia. Na alipofariki, Maduhu alikuja na ule mkokoteni umebeba kuni na mahindi ya msiba, akaupitisha getini hadi uani, maana ulitosha.

Sasa nasaha, kwa kuwa nimekwisha kuanza.

Ukichagua tela, au chochote kinacholala, usianze nalo. Anza na mahali pake. Tela la kambi linakaa nyumbani siku nyingi kuliko linavyokaa safarini, kwa hiyo pima geti, pima kona ya kugeuzia, pima paa, kisha ndipo uende ukalitazame. Lipime limefungwa na limefunguliwa. Lala ndani yake mlango ukiwa umefungwa, usione haya mbele ya muuzaji. Tazama kinachovuta na kinachovutwa kama vinashikana. Lisukume wewe na yule utakayekuwa naye, si na vijana wa kukodi, maana utakaporudi na giza ni nyinyi wawili mtakaokuwepo. Jiulize likiraruka utalishona kwa mikono ya nani. Wala usihesabu vitanda, wahesabu walalaji. Chombo kikubwa kinachokaa kwa mtu mwingine ni ng'ombe wa kuweka, na maziwa yake umeshayatoa, hata kama huoni ndoo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nimeihoji methali hiyo miaka mingi, na hiyo moja imenishinda.

Na maswali, mwanangu, usiyaache. Mimi sijayaacha. Yale ya ndoano na dirisha yalituokoa njiani. Ila swali unalolitupa kwa mtu, hasa la kweli, litarudi nyumbani kwa mtu fulani jioni. Mpimie huyo kwanza.

Nenda basi. Ukapate kinachokutosha, kisikuzidi hadi ukilaze kwa mwingine, wala kisikupungukie hadi ulale chini. Geti lako likipitishe. Paa lako likifunike. Na utakayemshinda kwa haki siku moja, Mungu akupe cha kumpa mkononi, ili naye apate pa kupita siku atakapokuja kwako amebeba kuni.